Umepitia Wapi

Jumamosi ile nilibeba wanakwaya wenzangu watatu,
tunakwenda Kariakoo kuchagua kitambaa cha sare.
Mama Tumsifu kakaa mbele, pochi mapajani.
Nikawasha gari. Simu ikaamka kwenye kishikio chake
na, kwa kiherehere cha mtoto anayejua jibu, ikaandika:
Gereza la Segerea. Dakika thelathini na nane. Njia nyeupe.

Hakuna aliyesoma kwa sauti.
Mama Tumsifu alifungua pochi, akaifunga.
Nyuma mtu akasema leo joto,
na kweli, ilikuwa Februari.

Sikuwahi kuiambia. Iliniona tu:
Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya sita,
gari limesimama ng'ambo ya ukuta uleule, saa ileile.
Ikajumlisha.
Hata jirani hujumlisha,
lakini jirani hungoja kwanza uondoke.

Makumbusho, kwenye kibanda cha Eliamringi, nikasema:
nataka ramani isiyo na mdomo.
Hakucheka. Alifuta kioo kwa pindo la fulana.
Ya kwanza ilitaka majina yote ya simuni mwangu.
Ya nini? Itampigia nani nikipotea?
Ya pili ikaomba kipaza sauti,
labda imependa ninavyoharibu sauti ya pili.
Ya tatu iliapa haisemi kitu kwa mtu,
kisha chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
ikataja "washirika wetu".
"Wangapi?"
Eliamringi akasogeza kidole, akasogeza, akachoka.

Ya nne haikuomba chochote ila nafasi.
Nikafuta video za harusi mbili, ikaingia.
"Hii inakaa humuhumu," akasema. "Zima bando, itakufikisha.
Ila foleni haijui. Mvua nayo haina habari nayo."

Kijana aliyekuja kuchajisha simu akadakia:
"Kama huna baya, dada, unaficha nini?"
Nikamwonyesha pazia la mama ntilie, hatua tatu kutoka hapo.
Nyuma yake kuna sufuria ya wali tu. Mbona limeshushwa?
Akaangalia pazia. Akaangalia chaji yake.

Ramani mpya ni mwaminifu, tena mjinga.
Imenipeleka Jangwani siku maji yamelala barabarani
kama mwenye nyumba.
Manzese inaniambia nikate kushoto penye duka la dawa,
na duka limeshakuwa saluni, saluni imeshakuwa kanisa.
Mara mbili nimeshusha kioo kumwuliza muuza maji.
"Unakwenda wapi?"
"Tabata," nasema, nikiukata ukweli katikati.
Na siku moja, nimekwama Shekilango saa nzima,
nakiri, niliikumbuka ile mbea.

Leo nimefika nimechelewa.
Simu nimeiacha garini, imezimwa, chini ya kiti.
Ombeni amekonda mashavu.
Mdogo wangu haulizi habari za wakili,
haulizi mama anasemaje.
Kila wiki ana swali moja:
"Umepitia wapi?"

Nami simfichi kitu.
Nimetoka na Shekilango, nasema, pale kwa fundi makochi
wamepaka ukuta kijani, kijani kibaya.
Ubungo nimepita chini ya daraja,
trafiki mmoja mnene anakunywa maji ya mfuko.
Relini tumengoja treni, mabehewa kumi na moja, nimehesabu.
Bima. Barakuda. Kisha huku.

Amefumba macho.
Shingo yake inapinda kila ninapokata kona.
"Ngoja," ananiambia, "Barakuda umepita mbio."

Nikarudi Bima.
Nikaweka gia ya pili.